Wimbo Usiofungwa

Msomaji, mkono wa Linet bado uko kwenye kitasa. Wiki nzima tumeuacha hapo, mlango wa studio haujafunguliwa, na redio ya kinyozi wa jirani bado inatangaza yale maneno yaliyomkata maini: "Huu wimbo nimeutunga mimi mwenyewe, Robinson Egesa, kwa hiki kichwa changu."

Haya, tuufungue.

Linet aliusukuma mlango kwa bega. Robinson alikuwa amejinyoosha kwenye kiti chake cha kuzunguka, simu sikioni, anacheka na mtangazaji. Alipomwona Linet alikata simu, na kicheko kikamkaukia mdomoni.

"Linet! Sasa hivi nilikuwa nataka kukupigia."

"Umesema nini redioni?"

"Redioni? Hizo ni story tu za kuchangamsha watu."

"Umesema wimbo ni wako."

Kama ulikosa gazeti la wiki jana, usihangaike, nakukumbusha kwa ufupi. Linet ndiye yule aliyeimba "Niachie Breki", wimbo ambao madereva wa malori pale Malaba waliuimba foleni nzima hadi mpakani. Halafu akapasuliwa rovu shingoni. Rovu likatoka, na sauti ikaenda nalo. Tangu hapo yeye hutunga na wengine huimba. Ametunga za harusi, za kampeni, za timu ya mpira ya maajenti wa forodha, hata ya duka la magodoro. Haandiki neno. Anaguna wimbo kwenye simu, anautuma, na mtu mwingine anavaa suti na kupigiwa makofi.

Hakuna mtangazaji aliyewahi kulitaja jina lake. Huu wa sasa, "Tangulia Kulala", ndio wa kwanza kupigwa kutoka Busia hadi Tororo, na Linet alikuwa amejiapiza: huu nao ukipita bila jina, basi, muziki kwaheri. Hakuwa na wimbo mwingine kichwani. Alikuwa ameutafuta usiku na mchana na kichwa kilikuwa kitupu.

"Tulipatana hapa hapa," alisema. "Video ni yako, faida ni yako, kila kitu ni yako. Mimi nilitaka jina tu litajwe mara moja."

"Sikia, dada yangu. Hii ni biashara. Nani anakujua siku hizi? Hawa watoto wa simu wakisikia Linet watauliza, Linet gani, yule wa mitumba?"

"Waambie ni Linet wa Niachie Breki."

"Na redio wakikuita interview? Utaenda kuwakwaruzia hapo kama geti?"

Hapo alimchoma. Linet alihisi machozi yakipanda na akayakataa. Alinyakua spika ndogo iliyokuwa mezani akainyanyua juu ya kichwa cha Robinson.

"Linet! Weka chini hiyo kitu!"

"Sema ni wangu. Piga simu tena useme."

"Dada, usivunje," sauti nyingine ilisema mlangoni. "Tafadhali."

Alikuwa Sharlyne, binti wa Amagoro mwenye sauti ya kukusahaulisha njaa. Ndiye aliyeuimba wimbo. Linet alimfundisha kila kona yake, kwa kuguna na kwa kugonga meza, mpaka ukamkaa. Kwa Sharlyne, Linet alikuwa dada kweli. Binti alimwondolea Linet spika, akamshika mkono akamtoa nje, wakazunguka hadi nyuma ya tangi la maji, na hapo Sharlyne akainama akatapika.

"Umekula nini?"

"Si chakula." Alipangusa mdomo kwa kiganja. "Niko na mimba, dada. Na si moja. Jana nimepigwa picha ya tumbo. Ni mapacha."

"Robinson anajua?"

"Hakuna mtu anajua. Ni wewe tu." Alimkazia macho. "Usipigane na yeye leo. Leo saa ya kuzindua video, nikishika maiki, kabla niimbe nitasema ni wewe umetunga. Mbele ya Amagoro yote. Atanifanya nini, na maiki iko kwangu?"

Linet alilia hapo hapo, bila haya, akimshikilia yule binti mabegani. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alikuwa na furaha, na furaha hiyo ikamtia woga.

*

Alasiri uwanja wa Amagoro ulikuwa umefurika. Watu walitoka Malaba, walitoka Amukura, na akina mama wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka, Uganda, walikuwa wametandaza nyanya na dagaa zao kando ya uzio maana penye watu pana wateja. Robinson alivaa suti nyeupe. Linet alivaa gauni lake la enzi za Breki, amelipunguza kiunoni, akasimama kando ya jukwaa akisubiri kuitwa.

Aliyemwita hakuwa yule aliyemtarajia. Bodaboda ilipenya katikati ya umati, honi juu, nyuma yake bibi kizee ameketi upande, fimbo mkononi. Alikuwa Tata Among wa Amukura, binamu ya bibi yake Linet. Ni mpika ajon, ile pombe ya wimbi, anayeogopwa kwa ulimi kuliko kwa fimbo. Siku hiyo alikuwa ameacha chungu na wateja wamekizunguka, mirija mdomoni.

"Yoga, Adongo," bibi alimsalimia.

"Yoga, tata."

Adongo ndilo jina la Linet la nyumbani, na kwa Wateso jina hilo linajieleza: ni pacha wa pili. Wa kwanza, Apio, alikufa angali mchanga. Mama yao alikuwa ameshafariki akiwazaa. Tata yao, yaani bibi kwa Kiteso, alimzika Apio nyuma ya jikoni pale Amukura, akamlea aliyebaki mpaka bibi mwenyewe akaondoka duniani. Kila Desemba Linet huenda kupalilia kaburi lile dogo.

"Huu wimbo umetoka wapi?" Tata Among aliuliza.

Linet alicheka. "Tata, umeusahau? Si ni ule tata yangu alikuwa ananiimbia akinibeba mgongoni. Ule wa kulaza mtoto. Mimi nimegeuza tu kidogo ukawa wa mapenzi."

"Wa kulaza mtoto!" Vidole vikavu vilimkaba mkono. "Mtoto gani mwingine uliona akilazwa na huo wimbo? Mtaje."

Linet alifikiri. Alifikiria nyumba zote za Amukura alizowahi kulala, na watoto wote aliowahi kuona wakibembelezwa. Hakumpata hata mmoja.

"Huo ni wa kuzika pacha," Tata Among alisema. "Kwa ukoo wetu pacha haliliwi. Watu hawapigi nduru. Anaimbiwa polepole, mdomo umefungwa nusu, ndio maana wewe ukadhani ni wa usingizi. Anayezika anaufungua, halafu anaufunga. Ukiachwa wazi unazunguka, unatafuta pacha mwingine. Na nyinyi mmeufungua kwa redio! Wiki nzima unaimbwa huku na ng'ambo na hakuna mtu ameufunga!"

Sitakudanganya kwamba Linet aliyaamini yote. Lakini alimkumbuka Sharlyne nyuma ya tangi, amejiinamia, anapangusa mdomo.

"Tata. Na kama anayeuimba amebeba mapacha?"

Bibi alitazama jukwaani, kisha akamtazama Linet.

"Wamama wa ukoo wanakuja na pikapu," alisema. "Aliyeutoa wimbo nje tunamfukuza leo mbele ya watu. Jina lake halitatajwa tena kwetu, si harusini, si matangani. Na nimesikia redioni ni huyo kijana wa studio."

Linet aligeuza shingo. Robinson alikuwa anapeana mikono na watu, meno yote nje. Alikuwa amejitangaza kwa kinywa chake mwenyewe, na nchi nzima ilimsikia. Linet alitakiwa kufanya jambo moja jepesi, kunyamaza.

Msomaji, wewe ungesema? Mimi ningefunga mdomo wangu nikatafute pa kukaa nione vizuri.

"Mkishamfukuza Robinson," Linet aliuliza polepole, "wimbo utakuwa umefungwa?"

"Utafungwa na nini? Lazima aliyeutoa nje aufungue tena mbele ya ukoo, ndio ufungwe. Huyo atafungua nini? Hata Kiteso hajui."

Jukwaani MC Okwi alikuwa tayari anapiga kelele. "Amagoroooo! Mko wapi? Mpokeeni Sharlyne!"

Uwanja ulilipuka. Sharlyne alipanda, akashika maiki kwa mikono miwili, akamtafuta Linet kwa macho na kumwona.

"Kabla niimbe," alisema, "nataka mjue nani ametunga huu wimbo. Ni dada yangu..."

Robinson aliinua kidole. Mpiga muziki wake akaachilia mdundo, spika zikanguruma, na jina la Linet likazama humo humo. Midomo ya Sharlyne ilionekana ikilitamka, lakini hakuna aliyelisikia. Mdundo ulifika pale pa kuingilia na binti wa watu, kwa mazoea, akavuta pumzi aimbe.

Linet alikuwa ameshapanda jukwaani. Alimpokonya maiki.

"Shuka!" umati ulipiga kelele. "Mama, shuka!"

"Toeni huyo mwanamke!" Robinson aliruka jukwaani. "Zimeni muziki! Ni mgonjwa, msameheni, ni mgonjwa wa kichwa!"

Muziki ulikatika, na ndipo watu wakaona pikapu imeingia uwanjani. Wanawake wazima walishuka mmoja mmoja bila neno, bila vigelegele, wakaja moja kwa moja mbele ya jukwaa. Tata Among aliwatangulia. Robinson alidhani ni heshima anayoletewa. Alinyoosha kola ya suti.

"Karibuni, mama zangu. Mmependa wimbo?"

"Ni wewe umeutoa?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe kabisa?"

"Mimi kabisa! Kwa hiki kichwa!"

Tata Among aliinua fimbo, na wanawake wote wakasogea hatua moja. Tabasamu la Robinson likaanza kulegea.

"Muongo," Linet alisema.

Sauti yake ilitoka kwenye spika kubwa ikikwaruza uwanja mzima. Kuna walioziba masikio na kuna waliocheka.

"Huo wimbo si wake. Mimi naitwa Linet Adongo. Ni mimi niliimba Niachie Breki, mkitaka kujua. Huu nao ni wangu. Tata yangu aliniimbia, mimi nikautoa nje nikidhani ni wa kulaza watoto. Kumbe ni wa kuzika pacha. Kosa ni langu. Huyu hajui kitu."

Alikuwa amelitaja jina lake mwenyewe, jina aliloliomba miaka yote, mbele ya kila mtu ambaye Linet alitamani alisikie. Hakusikia raha yoyote. Aliona tu nyuso za wanawake wa ukoo wake zikikunjika, mmoja baada ya mwingine.

"Mmesikia wenyewe!" Robinson alikuwa ameshajificha nyuma ya MC Okwi. "Wa kuzika! Mimi ni prodyusa tu, mama zangu, kazi yangu ni kubonyeza!"

"Dada, umefanya nini?" Sharlyne alinong'ona. "Watakufukuza."

"Kaa chini," Linet alimwambia. "Kaa chini, shika tumbo lako, na usiimbe."

Tata Among aligonga ubao wa jukwaa kwa fimbo. "Basi ufungue."

Linet aliufungua. Aliuimba kwa Kiteso cha bibi yake, bila mdundo, kwa sauti iliyobaki, nayo haikuwa nyingi. Ilipasuka, ikapotea, akaitafuta, akaendelea. Hakuna aliyecheka tena. Wanawake waliinamisha vichwa, na hata vijana waliokuwa wanarekodi walishusha simu. Alifika pale ambapo bibi yake alikuwa anaishia kila siku, akakomea hapo.

"Funga," Tata Among alisema.

"Sijui kuufunga."

"Hujui vipi? Mwisho anaujua aliyezika, na anamfundisha pacha aliyebaki. Ndiyo desturi. Tata yako alimzika Apio, wewe ndiwe uliyebaki. Hakukufundisha?"

"Alikuwa anaishia hapo. Kila siku, hapo hapo. Halafu anaendelea na kupalilia."

Wanawake walitazamana. Mmoja alitikisa kichwa, mwingine pia, na Linet akaelewa kwamba katika wote wale hakuna aliyeujua. Bibi yake alikuwa ameingia nao kaburini. Linet alikuwa amelitoa jina lake litupwe, ameharibu kila alichojenga, na wimbo ulikuwa bado uko wazi.

"Dada!" Sharlyne alijikunja pale chini, kucha zake zimezama kwenye gauni la Linet. "Dada, tumbo! Linakata!"

Linet alipiga magoti. "Mungu wangu. Tata, fanyeni kitu! Imbeni chochote!"

"Si chochote kinaufunga, Adongo." Kwa mara ya kwanza sauti ya Tata Among ilitetemeka. "Sina. Ningekuwa nao ningekupa."

Hapo ndipo sauti ilipotoka kule nyuma, kando ya uzio, kwenye nyanya na dagaa.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, safi, ya juu. Iliuchukua wimbo pale pale Linet alipouachia na kuupeleka mahali ambapo hajawahi kuusikia ukienda. Maneno hakuyajua, lakini ile sauti aliijua vizuri sana. Alikuwa ameisikiliza miaka yote kwenye simu yake, peke yake, akiililia. Ilikuwa sauti ya "Niachie Breki". Ilikuwa sauti yake, kabla ya kisu.

Umati ulipasuka katikati. Mwanamke alikuja anatembea, beseni la dagaa kichwani, kitambaa kimemfunika nusu ya uso, anaimba huku anatembea. Wafanyabiashara wenzake wa ng'ambo walimfuata nyuma wakisema "banange, banange", mikono midomoni. Alifika mbele ya jukwaa pamoja na neno la mwisho. Alilishusha taratibu, na likaisha.

Sharlyne alishusha pumzi ndefu. Vidole vyake vikaliachia gauni.

"Limeachilia," alisema. "Dada, limeachilia."

Linet hakumsikia. Mwanamke alikuwa ametua beseni chini na kile kitambaa kimeteleza. Pua ilikuwa ile ile, na paji ni lile lile. Mwanya wa meno ulikuwa ule ule ambao Linet huuona kila asubuhi akipiga mswaki. Tofauti ilikuwa moja tu: shingo ya huyu haikuwa na kovu.

"Samahani, nyabo," mwanamke alisema. "Mimi ni wa Tororo, nauza tu mukene yangu, dagaa hizi. Kulikuwa na bibi mmoja wa Amukura, alikuwa anavuka kuja kwetu kila akimaliza kuvuna. Yeye ndiye alinifundisha huo mwisho. Mwanzo wake alikataa kabisa kuniimbia. Alisema siku nitasikia mtu anauanza, nisiogope, niufunge, na huyo mtu ni wangu."

"Jina lako nani?" Linet aliuliza, ingawa alilijua.

"Apio."

Fimbo ya Tata Among ilianguka. Linet alishuka jukwaani, hajui ameshukaje, akamshika yule kizee kanzu kifuani.

"Tata. Lile kaburi nyuma ya jikoni. Nimelipalilia tangu nijue kushika jembe. Mlizika nini pale? Mlizika gogo? Mlizika matambara mkanidanganya?"

"Shimo nilichimba mimi," Tata Among alisema. "Halafu tata yako aliniambia nitoke, atafunika peke yake. Lakini lile blanketi nililibeba mwenyewe kutoka ndani ya nyumba, Adongo, na nililifunua nikaangalia. Mtoto alikuwa ndani."